Mlango mmoja, funguo tatu: nimeucheza mchezo wa Shirikisho

Niseme mapema ili asiyependa aishie hapa: mchezo huu hauna mizinga wala vifaru, na ukimaliza raundi zote nane unaweza kukuta hakuna aliyeshinda. Mdogo wangu alipoambiwa hivyo alirudisha kifuniko cha sanduku akataka tucheze karata za kawaida. Ilipofika saa tano usiku ndiye aliyekuwa amesimama, shati limechomoka, anamwambia mkewe kwamba Kenya haina shukrani.

Shirikisho ni mchezo wa mezani wa watu wanne. Maelekezo yanasema hata watatu wanatosha. Hawatoshi. Unaanzia pale historia yetu ilipokata kona. Tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitia saini tamko kwamba kabla mwaka haujaisha Tanganyika, Kenya na Uganda zitakuwa nchi moja. Kenyatta hakuwa hata amemaliza wiki katika kiti cha waziri mkuu, na Kenya yenyewe ilikuwa inasubiri uhuru wake wa Desemba. Mwaka ukaisha, shirikisho hakuna. Ndani ya sanduku hili mwaka umeisha na shirikisho lipo: makao makuu Arusha, rais mmoja, jeshi moja, kiti kimoja Umoja wa Mataifa. Wewe ukipata urais, kazi yako ni moja tu, kuamua nchi hiyo mpya itasema nini mbele ya watu, halafu kuishi na ulichokisema.

Nimefundisha historia sekondari miaka thelathini na moja, hapa Tanga na kwingineko, na hilo tamko la Juni nimelifundisha kila mwaka kwa aya moja: tarehe, majina matatu, sababu za kushindwa, haya andikeni. Ndiyo maana niliposikia kuna mtu ametengeneza mchezo mzima juu ya aya yangu moja, nikatoa pesa bila kuuliza mara mbili. Shilingi 95,000, na 6,000 ya mzigo kwenye basi. Sanduku lilifika kona moja imebonyea kama limekaliwa, lakini vya ndani vilikuwa salama.

Tuanze na hivyo vya ndani. Ubao wenyewe ni kitambaa kinene kinachokunjwa mara nne, ramani imechapwa kutoka Ziwa Turkana hadi Ruvuma, na hakichakai mikunjo. Kete za mbao zimepigwa msasa vizuri. Za fedha ni za duara, zina tundu katikati, kama senti kumi ya enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Marehemu baba alikuwa nazo kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa karani wa reli, reli ile ya nchi tatu, na alirudi kutoka Nairobi mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, na lile kopo lilikuwa miongoni mwa vitu vichache alivyoshuka navyo. Kwa hiyo nilipozimwaga zile kete mezani nilinyamaza kidogo. Wajukuu wakadhani kuna kete imepungua.

Karata ni nyembamba. Hapo wamebana matumizi, na baada ya jioni tatu baadhi zimeanza kupinda, kiasi kwamba ukiangalia mgongo unajua ile ni karata ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Nimezitia chini ya kamusi.

Sasa kiini chenyewe, kile kijitabu. Kinaitwa Waraka wa Rais, kurasa kumi na sita, na kimeandikwa kana kwamba kimetoka Ikulu ya Arusha mwezi Januari 1964. Msimamo wa mambo ya nje wa huyo rais asiyewahi kuwapo unaitwa Mlango Mmoja. Maana yake, kwa ufupi: mgeni yeyote anayetaka kitu Afrika Mashariki, awe analeta mkopo, bunduki, walimu au maneno matamu, anapitia mlango mmoja. Hakuna kuzunguka nyuma kwenda Kampala baada ya kukataliwa Dar es Salaam. Nimesoma nyaraka nyingi za serikali za kweli ambazo Kiswahili chake hakifiki hapo. Aliyekiandika ana sikio. Kuna mahali anasema nyumba yenye milango mitatu haihitaji mwizi, upepo peke yake unatosha kuisumbua.

Lakini waraka haujakamilika, na hapo ndipo utamu ulipo. Ndani ya sanduku kuna vibao tisa, kila kimoja na sentensi yake, na rais anachagua vinne avisimamishe mbele yake ili kila mtu avione. Hivyo vinne ndio msimamo wako. Kisha kila sentensi inawekewa chini karata moja ya Deni, imefunikwa, hujui imeandikwa nini. Madeni yako ishirini na saba, na yanachanganywa kila mara. Tukio la rangi inayolingana na sentensi yako likitokea, unafunua deni na unalipa palepale: kwa fedha, kwa Heshima (vikete vya kijani), au kwa Subira ya nchi mojawapo. Subira ikiisha kwa nchi yoyote, nchi hiyo inajitoa, shirikisho limekufa na wote mmeshindwa. Kenya inaanza na Subira sita, Tanganyika saba, Uganda nne. Mkwe wangu, ambaye kwao ni Masaka, alivitazama vile vinne vyake kwa muda mrefu.

Nieleze tulivyokaa. Ilikuwa Pasaka, ukoo ulikuwa umejaa nyumbani. Rais, mimi, kwa kupigiwa kura, ingawa nadhani ilikuwa heshima ya umri. Tanganyika, mdogo wangu. Kenya, wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, mzaliwa wa Kisumu, mwanamke ambaye akihesabu chenji muuza duka husimama wima. Uganda, mkwe.

Nikachagua vinne vyangu kwa madaha ya mwalimu. Cha kwanza: Mgeni hachagui mgeni mwenzake. Cha pili: Aliye chini ya mkoloni ni raia wetu. Cha tatu: Mpaka tuliorithi haufutwi kwa risasi. Cha nne: Silaha hupita kwa idhini ya wote.

Wifi akaviangalia, akasema, "Wifi, hicho cha pili utakilipa."

Raundi ya kwanza ni 1964 na inakuja na mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya wanajeshi kwa pamoja, kama ilivyokuwa kweli: tarehe 12 Januari Unguja, tarehe 20 askari wa Colito, kambi ya Dar es Salaam, na kabla wiki haijaisha Jinja ya Uganda na Lanet ya Kenya nako kumechafuka. Rais unaulizwa kama utawaita Waingereza waje kutuliza. Nyerere aliwaita, na baadaye wakaja wanajeshi wa Nigeria kushika nafasi yao. Mimi nami niliwaita, nikalipa Heshima tatu, na sikuona njia nyingine. Sehemu hii inakwenda haraka mno kwa uzito wake. Zanzibar inaingia kwenye shirikisho kwa karata moja tu, unaigeuza, unaweka kete, basi. Muungano wa tarehe 26 Aprili, wenye mjadala ambao mpaka leo haujaisha, hapa unachukua sekunde nne.

Raundi ya pili ndiyo niliyoipenda. Mnageuza karata ya Wajerumani. Kwa wasiokumbuka: tangu 1955 Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo wake, uliopewa jina la Hallstein, kwamba nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki isitarajie urafiki kutoka Bonn, makao makuu yake. Zanzibar ya mapinduzi ikaitambua Ujerumani Mashariki, Muungano ukaja ukairithi hiyo ndoa, na mapema 1965 Dar es Salaam ikakubali Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia, basi chukueni na huo mwingine uliobaki. Kwa hiyo watengenezaji wa mchezo wamefanya jambo la akili sana: wamekutanisha msimamo wa kubuni na msimamo wa kweli, uso kwa uso, mezani. Kile kibao changu, Mgeni hachagui mgeni mwenzake, kiliandikwa hasa kwa ajili ya siku hiyo. Nikafunua deni nikiwa natabasamu. Kete nne za fedha na Subira moja ya Kenya.

"Ya kwangu kwa nini?" wifi akauliza. "Wajerumani wamegombana na Unguja, mimi nimeingiaje?"

Nikamjibu kwamba mlango ni mmoja, wifi. Akasema mlango ni mmoja lakini naona mfuko unaotolewa ni wa kwake tu. Sikuwa na jibu, na nimefundisha somo hili miaka thelathini na moja. Darasani nilikuwa nasema Tanzania ilikataa kuamuliwa marafiki, wanafunzi wanaandika, tunaendelea. Sikuwahi kujiuliza uamuzi uleule ungesimamaje kama bili yake ingepelekwa Nairobi.

Hapo nikaelewa mchezo unataka nini. Maneno ya rais kwenye sanduku hili ni hati ya mkopo. Unaisaini kwa mbwembwe raundi ya kwanza, na wanaokulipia ni watu usiokuwa umewauliza.

Kuhusu malori. Kila nchi ina karata moja ya siri mwanzoni, na ya mkwe ilikuwa inamtaka aingize silaha Uganda bila kujulikana. Sasa kumbuka kibao changu cha nne. Yeye na mdogo wangu wakapatana chini kwa chini, Tanganyika ipakie, Uganda ipokee, na njia ipite magharibi ya Kenya. Wifi akiwa na haki ya kukagua barabara moja kila raundi, akaweka kidole palepale. Jambo hili lilitokea kweli Mei 1965: malori ya Uganda yaliyobeba silaha za Kichina kutoka Tanzania yalizuiwa Kenya, na ilibidi Obote mwenyewe afunge safari kwenda kuyamaliza na Kenyatta. Hapa kwetu ilibidi mdogo wangu aende jikoni kumletea mkewe chai. Mchezo hauombi hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu Novemba 1965, Rhodesia. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi wa Kizungu, anajitangazia uhuru tarehe 11. Umoja wa Nchi Huru za Afrika unakaa Desemba na kuamua wanachama wavunje uhusiano na Uingereza ifikapo tarehe 15 kama haijauzima uasi huo. Tanzania ilivunja. Kenya na Uganda hazikuvunja. Ukitaka kujua kwa nini sera moja ya nje kwa nchi tatu ilikuwa jambo gumu, sahau vitabu vyote, shika hiyo tarehe moja. Jirani wawili wa Tanzania, rafiki zake, wenye sarafu moja nayo bado wakati huo, walitazama azimio lilelile wakaona vingine.

Na mimi nilikuwa nimekwisha kuandika: Aliye chini ya mkoloni ni raia wetu. Nikafunua deni. Kete saba na nusu za fedha.

Nusu! Nikadhani ni kosa la uchapaji. Nikapekua sanduku, na kweli kwenye mfuko wa plastiki kulikuwa na kete moja iliyokatwa kwa msumeno katikati, tundu limekuwa kama mwezi mchanga. Kete saba na nusu kwa sababu mkopo wa Uingereza uliozuiwa baada ya Tanzania kuvunja uhusiano ulikuwa pauni milioni 7.5. Mtu alikaa na msumeno akakata kipande cha mbao ili hesabu iwe ya kweli. Kwa kete ile moja nimewasamehe karata nyembamba, nimewasamehe na kona ya sanduku.

Wifi hakusamehe. Kenya yake ilikuwa imebaki na Subira mbili, na kuvunja uhusiano kungemgharimu zote, maana karata yake ya nchi inaonyesha fedha za Uingereza za kununulia mashamba ya walowezi. Akanigeukia akasema kwa upole, "Wifi, mimi na wewe hatujawahi kukosana. Usinilazimishe." Nikasoma kibao changu kwa sauti. Akasoma karata yake kwa sauti. Mdogo wangu akasema dada ana haki. Mkewe akamtazama. Kimya. Mwisho nikatumia kanuni ya ukurasa wa kumi na moja, inayomruhusu rais kulaza kibao kimoja kifudifudi, yaani kuumeza msimamo wake, kwa kulipa Heshima tano. Nilikuwa nazo sita. Nikakilaza. Shirikisho likapona, na kwa raundi tatu zilizobaki kile kibao kilikuwa pale mezani kimelala, kila anayepitisha mkono anakikwepa.

Nimekwambia hakuna vifaru. Hakuna haja.

Sasa lawama, na ninazo.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote: mchezo unaanza bao moja mbele. Mazungumzo ya 1963 yalikwama kwenye mambo yaleyale ambayo sanduku linakupa bure. Uraia uwe wa nani. Nani ana ruhusa ya kukopa nje. Na hasa, kama kila nchi ibaki na kiti chake Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Uganda ililing'ang'ania. Tanganyika ilikuwa na kiti tangu Desemba 1961, Uganda tangu Oktoba 1962. Nani anasimama kwenye kiti alichokikalia mwaka mmoja tu? Watengenezaji wameandika sentensi moja ukurasa wa pili, kwamba "baada ya maelewano" viti viliunganishwa. Maelewano gani? Hayo ndiyo tuliyotaka kuyacheza! Waraka unaoitwa Mlango Mmoja umeruka hadithi ya jinsi milango miwili ilivyozibwa. Ningewashauri waongeze raundi moja mwanzoni, raundi ya 1963, hata kama nusu ya meza zitashindwa palepale na kwenda kulala. Wangekuwa wakweli zaidi.

Mkwe ana ya kwake, na aliisema kwa kupitia binti yangu: Kabaka yuko wapi? Oktoba 1963 Mutesa, Kabaka mwenyewe, alikuwa rais wa Uganda na mfalme wa Buganda kwa wakati mmoja. Kwenye mchezo hayupo, hana karata, hana kete. "Mwambie mama," akasema, "huwezi kuzungumzia mlango wa Uganda ukamsahau aliyekaa sebuleni." Nakubaliana naye kabisa.

Niwaeleze kwa nini alipitia kwa binti yangu. Kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hampeani mikono, hamkai mkeka mmoja, mkikutana njiani mnapishana mbali. Kijana wangu huyu ni mhandisi na ana simu mbili, lakini hilo hachezi nalo, na mimi namheshimu kwa hilo. Basi mchezo una kitu kinaitwa Faragha. Kila raundi rais anaweza kumchukua mwakilishi wa nchi moja, wanatoka nje ya chumba, saa ya mchanga inageuzwa, dakika tatu, wanapatana wanachopatana. Ndiyo silaha kuu ya rais. Na mimi nchi yenye Subira ndogo kuliko zote ndiyo niliyohitaji kuongea nayo faragha, na ndiyo nisiyoweza kutoka nayo nje!

Tukafanya hivi: mimi barazani, yeye uani, binti yangu anakimbia katikati na maneno. Dakika tatu haziwatoshi watu wa namna hiyo. Mchanga umeisha, binti kafika na nusu ya jibu, ananiambia mume wake amesema atakubali mlango wa mkopo kama Uganda itapewa ufunguo. Ufunguo gani? Anarudi kuuliza. Raundi imekwisha. Tulicheka hadi wifi akashika mbavu. Lakini baadaye usiku nikawaza kwamba hivyo ndivyo mabalozi wanavyofanya kazi, na labda hiyo ndiyo iliyokuwa raundi iliyokaribia ukweli kuliko zote.

Lawama nyingine ndogondogo. Kuna karata inasema Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa Cairo. Hapana jamani. Ulizaliwa Addis Ababa, tarehe 25 Mei 1963. Cairo ni Julai 1964, kikao kilichoazimia mipaka ya wakati wa uhuru iheshimiwe, kilekile ambacho Nkrumah wa Ghana na Nyerere walirushiana maneno kuhusu haya mashirikisho ya kanda. Kosa hili linauma zaidi kwa sababu kibao cha tatu, Mpaka tuliorithi haufutwi kwa risasi, kimechotwa moja kwa moja kwenye azimio hilo la Cairo. Wanajua chanzo halafu wanakosea anwani. Nimerekebisha kwa kalamu nyekundu. Mazoea.

Wasomali wa kaskazini mashariki ya Kenya wamepewa karata mbili, zote za risasi. Hakuna hata moja ya mazungumzo. Kwa mchezo unaojisifu kwamba hauna vita, hapo umejikwaa, na vita ile ya Kenya haikuwa ndogo.

Kiswahili cha kijitabu nimekisifu. Cha maelekezo sikisifu. Inaonekana viliandikwa na watu wawili wasiojuana. Ukurasa wa tano unasema "mchezaji ambaye yeye ni rais anaweza kuchukua hatua ya kufanya uamuzi", wakati alichotaka kusema ni "rais anaamua". Soma mara mbili, kisha mfundishe mwenzako kwa mdomo. Tulipoteza karibu saa nzima jioni ya kwanza.

Raundi za mwisho mwisho pia zinalegea. Sarafu, reli ya kwenda Zambia, mambo hayo yapo, yanapita. Reli ya Wachina ya kilomita 1,860 imewekwa kama zawadi, unapata kete zako unaendelea, wakati mkataba wake wa 1967 ungeweza kuwa raundi nzima: Mchina anagonga mlango mmoja, na wenye funguo watatu wanatazamana.

Jioni ya pili alikuwa rais mdogo wangu. Alichagua vibao vinne vya upole, visivyomuudhi mtu, na tukafika raundi ya nane bila kuvunjika, bila Heshima, bila chochote. Kijitabu kina jina kwa mwisho wa namna hiyo: Nyumba Tupu. Hata yeye alikiri ulikuwa usiku wa kusinzia. Jioni ya tatu alikuwa wifi, na wifi alitawala kwa mkono wa chuma, akakopa kwa kila aliyegonga, akalipa kila deni kwa fedha taslimu, na raundi ya sita Tanganyika, yaani mumewe, ikaishiwa Subira ikajitoa. Hawakusemeshana mpaka asubuhi.

Kama una watu wanne wanaopenda kubishana na wanaojua kusameheana, nunua. Kama unataka cha kuwachezea watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, acha, watachoka na kijitabu. Walimu wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne: nunueni moja, tumieni raundi ya pili peke yake, ile ya Wajerumani, dakika arobaini zinatosha, na mtagawa darasa vikundi vitatu. Mimi ningekuwa bado natumikia ningefanya hivyo Jumatatu.

Ile nusu kete imepotea tayari. Mjukuu wa miaka mitatu, hatujui kaipeleka wapi, tumekagua kila mahali panapokaguliwa. Nimefungua kopo la baba nikatoa senti kumi moja ya shaba, nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki mahali pake, na nimeandika kwa peni kwenye kijitabu kwamba hiyo ihesabiwe nusu.

Krismasi watakuja tena wote. Zamu ya urais ni ya mkwe, na nchi yangu itakuwa Uganda, kwa hiyo safari hii ni yeye atakayetaka kunitoa nje faragha. Wifi ameshashona pazia la kutundika kati ya baraza na ua. Binti yangu ameomba tumnunulie viatu vya kukimbilia.